Tumelipa, Mbona Haifunguki? Mhadhara kwa wakutubi wa vyuo kuhusu kuchangia hifadhidata

Mwenyekiti, wakuu wa maktaba, na ninyi wa TEHAMA mliokubali kuja (nawaona, mko watatu, mmekaa karibu na mlango), asanteni.

Historia naiacha. Mnajua kwamba KLISC, muungano wa maktaba wa Kenya, ipo tangu 2003, Uganda wana CUUL, sisi Tanzania tuna COTUL, na sababu ya kuungana ni ileile kila mahali: chuo chenye wanafunzi 900 kikienda peke yake kwa mchapishaji wa majarida ya kitaaluma hakipati bei wanayopata vyuo 30 wakienda pamoja. Kujadiliana bei tumejifunza. Kuchanga ndiyo usiseme. Ninalolirudia kila mwaka, na leo mtalisikia tena, ni kwamba hasara yetu kubwa haitokei kwenye bei. Inatokea tukishalipa, na inatokana na orodha ya anwani za IP, yaani namba zinazoutambulisha mtandao wa chuo kwenye intaneti.

Mchapishaji hamjui mwanafunzi wako. Anachokiona ni namba moja inayotoka chuoni kwenu kuingia kwenye intaneti. Anailinganisha na orodha aliyopewa na muungano. Ikiwemo anafungua, isipokuwemo anaweka ukurasa wa kununua makala moja kwa dola thelathini na kitu. Umechangia harusi kadi ya watu wawili, umefika ukumbini na suti yako, mlangoni jina halipo. Na aliyesimama pale ni kompyuta, hana shemeji wa kupigiwa simu.

Kosa la kwanza ndilo la aibu zaidi. Muungano unatuma fomu: andikeni anwani za IP za chuo. Mkutubi anakaa kwenye kompyuta ya mapokezi, anafungua mipangilio ya mtandao, ananakili 192.168.1.34, anatuma. Hiyo ni anwani ya ndani! Kila nyumba yenye ruta hapa mjini inaweza kuwa nayo. Zinazoanza na 10, zinazoanza na 192.168, na zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31, zote zinaishia kwenye ruta, hazitoki nje. Mchapishaji makini atazikataa kwa barua pepe ya adabu. Asiye makini ataziingiza kwenye mfumo, atakuandikia kwamba huduma imeshawashwa, na ankara italetwa.

Inayotakiwa ni anwani ya nje. Fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako, uandike unachokiona. Usifanye hivyo mahali pamoja tu. Nenda maktaba, nenda maabara ya kompyuta, ofisi za wahadhiri, hosteli, na kampasi ile ya pili mnayoisahau. Na ukitumia simu, zima data kwanza ubaki na Wi-Fi ya chuo, la sivyo utaleta anwani ya kampuni ya simu. Mkipata namba tofauti mahali tofauti, zote ziende. Kisha muulizeni anayewauzia intaneti safu kamili mliyopewa, kwa mfano kutoka 203.0.113.16 hadi 203.0.113.23, yaani anwani nane, kwa sababu leo mnaweza kuwa mnatoka kwa ya 18 na kesho mtu wa TEHAMA akawahamishia ya 20.

La pili: vyuo vingi vina njia mbili za intaneti, ya faiba na ya akiba. Faiba ikikatwa na watu wa barabara, mtandao unahamia kwenye akiba bila nyinyi kujua, Facebook inafunguka, barua pepe zinakwenda, ila majarida yamefungwa. Kuna wanaozitumia zote mbili kwa pamoja kugawana mzigo, na hapo ndipo kizungumkuti: mwanafunzi anafungua makala saa nne, saa tano inamkatalia, saa sita inafunguka tena. Anakuja kwenu, mnajaribu pamoja, inafunguka, mnamwona mzushi. Hasemi uongo! Njia ya pili haimo kwenye orodha.

La tatu ni modemu ya laini ya simu. Chuo kidogo kinaendesha maktaba nzima kwa modemu ya 4G. Anwani ya nje mtakayoiona ni ya kampuni ya simu, na mnaitumia pamoja na wateja wengine maelfu. Mchapishaji hawezi kuisajili, kwa sababu atakuwa amewafungulia majarida hao wote. Hapa hakuna ujanja. Ama mnalipia IP isiyobadilika, ama mnapita kwenye proksi, ambayo nitaifikia.

La nne nalitaja haraka kwa ndugu zangu wa karibu na mlango: mkiwasha IPv6, ule mtindo mpya wa anwani, chuoni, mtuambie. Kompyuta itapendelea kutoka kwa IPv6 pale tovuti ya mchapishaji inapoikubali, na orodha yetu yote ni ya IPv4, ule wa zamani. Jarida moja litafunguka, jingine litagoma, kwenye kompyuta hiyohiyo.

Sasa lile ninaloitwa mkorofi kwa sababu yake. Mkataba wa intaneti wa chuo unaisha tarehe 30 Juni pamoja na mwaka wa fedha. Kitengo cha ununuzi kinatangaza zabuni, kampuni mpya inashinda, Julai mosi inawasha, kasi imeongezeka, kila mtu anafurahi. Anwani zote za nje zimebadilika. Nani amemwambia mkutubi? Hakuna. Julai wanafunzi wako likizo, hapana wa kulalamika. Wakirudi wanajaribu mara moja, wanaona bei kwa dola, hawarudi tena. Mkutubi anagundua mwezi Machi, kamati inapohoji kwa nini matumizi yameshuka. Miezi tisa katika kumi na miwili imeliwa hivyohivyo. Juu ya hayo, ile anwani yenu ya zamani haikufa. Kampuni iliyoondoka inaweza kumpa mteja mwingine, tuseme hoteli, na wageni wa hoteli wakawa wanafunguliwa jarida la upasuaji kwa mchango wenu.

Dawa yake haihitaji fedha. Kwenye nyaraka za zabuni ya intaneti wekeni sharti moja: kampuni itoe orodha ya anwani za nje siku 30 kabla ya kuwasha. Mkutubi anaipeleka kwa muungano siku hiyohiyo, nao unaituma kwa wachapishaji wote. Mwezi mmoja si mwingi. Wapo wachapishaji wanaobadilisha kwa siku mbili, na wapo ambao utaandika, utakumbusha, utakumbusha tena. Kipindi cha mpito acheni anwani za zamani na mpya zote ziwemo, kisha za zamani mzifute kweli. Chuo kikubwa chenye uwezo kiombe anwani zake chenyewe AFRINIC, shirika linalogawa anwani za IP Afrika; hizo huhama nacho kinapobadilisha kampuni, na kelele hizi zote zinakwisha.

Nasikia mtu ananong'ona kwamba tatizo si IP, tatizo wanafunzi hawasomi. Sawa. Tuangalie takwimu, maana mchapishaji anayefuata utaratibu wa COUNTER, kanuni za kimataifa za kuhesabu matumizi ya majarida, lazima awape. Kila mmoja wenu aombe ripoti mbili. TR_J1 inaonyesha makala zilizofunguliwa, TR_J2 inaonyesha waliokataliwa. TR_J1 ikiwa sifuri na TR_J2 ina idadi, ina maana mfumo unawatambua ila wanachokitaka hamjakilipia. Hiyo ni habari njema kwa anayechagua vifurushi. Zote mbili zikiwa sifuri, miezi mitatu mfululizo, muhula ukiendelea, usiwalaumu wanafunzi. Aliyekataliwa kwa sababu anwani yake haijulikani haandikwi popote kwa jina la chuo chako, mfumo hauna habari kwamba ni wenu. Sifuri mbili ni mlango uliofungwa. Chuo chenye wanafunzi elfu sita hakiwezi kukosa hata mmoja aliyebofya kwa bahati mbaya!

Mwingine atasema: Research4Life, ule mpango wa kuzipa nchi maskini majarida, ni bure kwetu, tuchange ya nini? Itumieni, kwa mikono miwili. HINARI ya afya chini ya Shirika la Afya Duniani tangu 2002, AGORA ya kilimo tangu 2003, na nyingine zilizofuata. Ila ile ni hisani, na hisani ina mwenyewe. Januari 2011 wachapishaji kadhaa wakubwa waliiondolea Bangladesh majarida zaidi ya 2,000 ndani ya HINARI, kwa hoja kwamba sasa kuna soko la kuuza. Dunia ya tiba ilipiga kelele, yakarudishwa. Yalirudishwa kwa kelele, hayakurudishwa kwa mkataba, kwa kuwa mkataba haukuwepo. Muungano wenye leseni una karatasi ya kushika mkononi.

Proksi. Mwanafunzi aliye nyumbani Singida anaingia kwanza kwenye seva ya chuo kwa namba yake ya usajili na nywila, kisha seva inamtokea mchapishaji kwa anwani ya chuo. EZproxy, inayotumiwa na wengi, iliandikwa na mkutubi, Chris Zagar, 1999, na tangu 2008 iko mikononi mwa OCLC, ushirika wa maktaba wa Marekani. Si lazima kila chuo kiwe na yake. Vyuo vidogo vinane vinaweza kuchangia seva moja, mradi kila chuo kiwe na orodha yake ya watumiaji na anwani yake ya kutokea nje. Mkitoka wote kwa anwani moja takwimu zitachanganyika, na mwizi mmoja atawafungia wote.

Wezi wapo. Nywila ya mwanafunzi ikinaswa, au akiiuza mwenyewe kwa hela ya vocha, usiku wa manane kuna programu inashusha makala 4,000. Mchapishaji anaona anwani ya proksi yenu, anaifunga, asubuhi chuo kizima kiko gizani. Wekeni kikomo kwenye seva: mtumiaji akishusha zaidi ya megabaiti 100 ndani ya dakika 15, afungiwe saa mbili. Mwanafunzi wa kweli hafiki hapo, labda anayeshusha ramani. Na mwangalie tarehe ya cheti cha usalama cha seva. Kikiisha, kivinjari kinamtisha mwanafunzi kwa ukurasa mwekundu naye anakimbia, na hizo zitahesabiwa kuwa sifuri nyingine.

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Nilidhani nina ishirini. Haya, fedha.

Namna ya kugawana. Tuseme kifurushi ni dola 60,000, vyuo 10, wanafunzi 50,000 kwa jumla. Mkigawa sawa kila mmoja ni 6,000, na chuo cha wanafunzi 900 kitajitoa. Mkigawa kwa kichwa, kidogo kinalipa 1,080, chenye wanafunzi 20,000 kinalipa 24,000, na hicho nacho kitauliza kwa nini kisinunue peke yake. Gawanyeni nusu kwa usawa, nusu kwa kichwa: kidogo 3,540, kikubwa 15,000. Wote watanung'unika, hakuna atakayeondoka. Msigawe kwa matumizi. Mkifanya hivyo, mkutubi anayefundisha wanafunzi wake kutafuta makala anaadhibiwa, na mwenye sifuri mbili anapewa zawadi.

Kodi ya zuio. Mhasibu akiona malipo haya ni huduma au mrabaha kwa asiye mkazi, hapa kwetu anakata asilimia 15. Mkataba nao unasema mchapishaji apokee 60,000 kamili. Watu wanaongeza asilimia 15, wanapata 69,000, wanatuma wakijisifu. Ukikata 15 kwenye 69,000 inabaki 58,650. Pungufu 1,350, na kwa pungufu hiyo wanachama wote kumi wanasimamishwa. Gawanya 60,000 kwa 0.85: ni 70,588. Hiyo ndiyo ya kuchangisha.

Sarafu. Changisheni kwa dola, au wekeni akiba. Wenzetu Kenya dola ilikuwa karibu shilingi 123 Januari 2023, mwaka mmoja baadaye ikagusa 160. Aliyepanga bajeti ya dola 15,000 kwa milioni 1.845 alitakiwa kutoa 2.4.

Idadi ya watumiaji kwa wakati mmoja: mkinunua leseni ya watano, msifanye mafunzo ya watu 40. Wa sita atakataliwa, nanyi mtaandika hifadhidata ni mbovu. Mwombeni mchapishaji awafungulie siku ile ya mafunzo, wengi hukubali. Na wafundisheni wanafunzi kubofya kitufe cha kutoka. Akifunga tu kompyuta mpakato, nafasi yake inabaki imeshikwa mpaka muda wa mfumo uishe.

Vipengele vya mkataba, vitatu tu vya kugombania: msomaji wa nje anayeingia maktaba kwa miguu aruhusiwe, miaka mliyolipia ibaki yenu hata mkiacha, na bei isiwe siri, ili KLISC na CUUL na sisi tuulizane. Habari ya sheria ya nchi gani itatumika naiacha.

Kuna karatasi inazunguka, ina safu nne: jina la chuo, anwani za nje, tarehe ya mwisho ya mkataba wa intaneti, na simu ya mtu wa TEHAMA. Naiona imerudi huku, na safu ya pili ina 192.168 mbili. Irudisheni nyuma. Asiyejua tarehe ya mkataba apige simu chuoni sasa hivi, kabla hawajatoka kwenda kula.