Bill Shankly kabla ya kuwa kocha

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Mashabiki wa Liverpool mliomo humu mnamjua Bill Shankly kocha. Leo naomba tumzungumzie Shankly mchezaji, maana huyu amesahauliwa mno, na mimi roho inaniuma.

Alizaliwa Septemba 1913 Glenbuck, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Ayrshire, Scotland. Nyumbani walikuwa watoto kumi, wavulana watano. Wote watano walicheza soka la kulipwa: Alec, Jimmy, John, Bob, na yeye, mdogo wao. Hata wajomba zake wawili, Robert na William Blyth, walikuwa wameupitia mpira kabla yao. Mtoto wa seremala huzoea randa. Huyu alizoea viatu vya mpira mlangoni.

Lakini ajira ya kijijini ilikuwa mgodi. Akiwa na miaka 14 alikuwa pale juu ya shimo, akitenga mawe na makaa. Kisha akashushwa chini. Mgodi ulipofungwa alibaki bila kazi, hadi Carlisle United walipomchukua mwaka 1932. Mwaka uliofuata Preston North End wakamnunua kwa paundi 500.

Preston alicheza kiungo wa kulia: mbio, ukabaji, pumzi isiyokatika. Fainali ya Kombe la FA ya 1937 waliipoteza kwa Sunderland, 3-1. Wakarudi Wembley 1938 kupambana na Huddersfield. Dakika tisini, bila bila. Nyongeza nayo ikaelekea kwisha, bila bila. Ndipo George Mutch wa Preston, Mskoti mwenzake, akaangushwa ndani ya boksi. Aliyeangushwa akainuka, akaipiga penalti mwenyewe. Mpira ukagonga mtambaa wa panya, ukaingia! Hiyo ilikuwa tarehe 30 Aprili. Wiki tatu kabla, kwenye uwanja huohuo, Shankly alikuwa amevaa jezi ya Scotland kwa mara ya kwanza na kuifunga Uingereza 1-0. Mwezi mmoja, Wembley mara mbili, ushindi mara mbili.

Alikuwa na miaka 24. Mwaka uliofuata vita vikaanza.

Hapa naomba tutulie kidogo. Ligi ilisimama hadi 1946. Shankly aliingia jeshi la anga, akacheza mechi za wakati wa vita, lakini miaka ambayo kiungo huwa amekomaa ikapita hivyohivyo. Ligi iliporudi alikuwa anakaribia miaka 33. Mechi zake rasmi za taifa zikabaki tano. Tano tu, kwa mchezaji wa kiwango kile! Machi 1949 akatundika viatu, akarudi Carlisle kuwafundisha waliompokea kijana.

Na kaka zake? Bob naye alikuwa kocha. Aprili 1962 Bill aliipandisha Liverpool daraja la kwanza. Mwezi huohuo, Bob akaipa Dundee ubingwa wa Scotland.