Uboho Unaposimama: Virusi vya B19 na Mtoto Mwenye Selimundu

Wazazi, wauguzi, na ninyi vijana mnaoishi na selimundu, asanteni kwa kufika. Habari ya maumivu ya mifupa leo naiweka kando, maana hiyo mnaijua vizuri. Nataka tuzungumze juu ya hali inayokuja bila kelele. Mtoto alikuwa anacheza vizuri tu. Akapata homa kidogo na mafua, na baada ya siku chache hawezi hata kutembea hadi chooni. Viganja vimepauka, moyo unakwenda mbio, na damu ikipimwa inasoma 3 au 4, yaani gramu za hemoglobini kwa desilita.

Hapo wengi husema ni malaria. Pimeni malaria, ndiyo, tena mapema. Lakini kisipoonekana kimelea, msiishie hapo.

Chembe nyekundu za damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Uboho wa mtu mzima hutoa takriban milioni 2 za chembe hizo kila sekunde. Chembe ya mtu asiye na selimundu huishi siku 120 hivi, lakini ya mwenye selimundu huvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Kwa hiyo uboho wa mtoto wako unachapa kazi usiku na mchana, ili tu damu ibaki kwenye 7 au 8. Ni sawa na duka ambalo mzigo wote huisha ndani ya wiki mbili: gari la mzigo likikwama siku kumi, rafu zinabaki tupu.

Anayelikwamisha gari hilo, mara nyingi, ni kirusi kiitwacho parvovirusi B19. Aliyekigundua ni Yvonne Cossart, huko London, mwaka 1975. Yeye na wenzake walikuwa wanapima damu kutafuta homa ya ini aina ya B, wakakutana na kitu kingine kabisa katika sampuli namba 19 ya kundi B. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyejua kirusi hicho kina madhara gani. Mwaka 1981 madaktari wa London wakakikuta kwa watoto wenye selimundu ambao damu yao ilikuwa imeshuka ghafla, na mwaka huohuo Graham Serjeant na wenzake wakaeleza mlipuko wa hali hiyohiyo Jamaika. Kumbe wale ndugu wawili, watatu wa nyumba moja waliokuwa wakiishiwa damu kwa pamoja walikuwa wameambukizana.

Kirusi hiki ni kidogo mno, na hakiwezi kuzaliana ila ndani ya seli inayojigawa. Hushika kwenye kitu kiitwacho antijeni P, kilichoko juu ya seli changa zinazoandaliwa kuwa chembe nyekundu. Huingia humo, huzaliana, kisha huziua. Watu wachache mno duniani huzaliwa bila antijeni P, na hao kirusi hiki hakiwapati.

Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya watu wazima wenye afya waliokubali kutiwa kirusi hiki puani. Chembe changa za damu, retikulosaiti, zilitoweka kwao kwa siku kadhaa, lakini wingi wa damu yao ulipungua kidogo tu. Pigeni hesabu wenyewe: chembe ikiishi siku 120, uboho ukisimama siku 10 umepoteza chini ya sehemu moja ya kumi. Chembe ikiishi siku 15, umepoteza zaidi ya nusu. Kirusi ni kilekile. Mmoja anadhani alikuwa na mafua, mwingine anahitaji kuongezewa damu usiku huohuo.

Sasa, wauguzi na wenzangu wa maabara, naomba mnisikilize hapa. Mtoto wa selimundu akija amepauka ghafla, shikeni bandama. Ikiwa imevimba ghafla, huenda damu imenasa humo, na hiyo ni dharura ya aina nyingine. Bandama ikiwa kawaida yake, na macho hayakuzidi manjano, ombeni hesabu ya retikulosaiti. Mtoto huyu siku zote huwa nazo nyingi. Zikiwa chini ya asilimia 1, uboho umesimama. Inanisikitisha kwamba kipimo hiki rahisi husahaulika mara nyingi. Kikichelewa wiki moja kinaweza kudanganya, kwa sababu uboho ukiamka retikulosaiti hufurika, na mtu atadhani tatizo lilikuwa kuvunjika kwa chembe.

Tiba yake ni kuongezewa damu, taratibu, kumvusha mtoto mpaka kingamwili zake zikizima kirusi. Kwa kawaida uboho huanza tena kazi ndani ya siku 7 hadi 10. Vidonge vya madini ya chuma haviuamshi uboho huu. Msipoteze siku navyo nyumbani.

Kwa mtu anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka sana, kirusi hiki kinaweza kukaa miezi, na damu ikaendelea kupungua muda wote huo. ARV zikirudisha kinga, mara nyingi mwili hukishinda.

Mama mmoja hapa mbele ameniuliza kuhusu chanjo. Bado haipo. Lakini aliyepona mara moja kwa kawaida hupata kinga ya maisha. Wodini, mtoto huyu asilazwe karibu na wenzake wa selimundu, wala asihudumiwe na muuguzi mjamzito, maana kirusi kinaweza kumfikia mtoto aliye tumboni na kummaliza damu. Na wewe mzazi mwenye watoto wawili wa selimundu: mmoja akilazwa kwa hali hii, mlete na wa pili apimwe damu wiki hiyohiyo, hata kama anacheza.