Ni Nani Anayeozesha? Kuvisoma Vitabu vya Mitala ya Wamormoni

Waheshimiwa wasikilizaji, mabibi na mabwana,

Richard Burton, yule Mwingereza aliyesafiri na msafara kutoka pwani yetu hadi Ujiji mwaka 1858, miaka miwili baadaye alikuwa Salt Lake City, magharibi mwa Marekani, akiwatazama Wamormoni, waumini wa kanisa lililoanzishwa Marekani na Joseph Smith, na nyumba zao za wake wengi. Kitabu alichokiandika kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1861, na kwa kuwa alikwisha kukaa miongoni mwa watu wa mitala, hakushtuka kama walivyoshtuka Wazungu wenzake. Naanza naye kwa sababu sisi pia hatuvifungui vitabu hivi tukiwa wageni wa jambo lenyewe. Wengi wetu tumelelewa katika nyumba za mitala au jirani nazo; tunajua zamu, tunajua chuki ya wake wenza, na tunajua pia mke mwenza anayemlea mtoto wa mwenzake kama wa tumbo lake. Ujuzi huo unatusaidia, lakini unaweza kutupoteza vilevile, kwa maana unatufanya tutafute katika kurasa hizo kisa cha mume na wake zake, ilhali kiini cha kisa kiko kwingine.

Historia nitaipitia upesi. Joseph Smith aliandikisha ufunuo juu ya ndoa ya wake wengi mwaka 1843, kanisa lake likautangaza hadharani mwaka 1852, na baada ya serikali ya Marekani kuipiga vita ndoa hiyo kwa sheria moja baada ya nyingine, rais wa kanisa, Wilford Woodruff, alitoa tamko la kuisitisha mwaka 1890. Kanisa hilo, yaani Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo lina waumini hata Kenya na Tanzania, leo humwondoa katika ushirika anayeoa mke wa pili, na si haki kuwabebesha waumini wake mambo nitakayoyaeleza. Ninaowazungumzia ni wale walioshikilia msimamo wa kale, hasa jamii ya Short Creek, mpakani mwa Utah na Arizona, ambayo serikali ya Arizona iliivamia Julai 1953 na kuwachukua watoto zaidi ya 200.

Sasa nawaomba mtazame tukio moja. Elissa Wall, binti wa jamii hiyo, katika kitabu chake Stolen Innocence cha mwaka 2008, anaeleza jinsi alivyoozwa mwaka 2001, akiwa na miaka 14, kwa binamu yake mwenye miaka 19. Harusi ilifanyika katika chumba cha moteli huko Caliente, Nevada. Alipoulizwa kama anamkubali mwanamume yule, aliinamisha kichwa akanyamaza, na ukimya ukaendelea mpaka akabanwa na kutoa jibu kwa sauti ya chini. Kisha akakimbilia bafuni na kujifungia. Aliyesimamia ndoa hiyo alikuwa Warren Jeffs, mtoto wa nabii wa jamii yao, ambaye mwaka uliofuata alikuja kuishika nafasi ya baba yake.

Angalieni kwamba bwana harusi alikuwa hana mke mwingine, kwa hiyo mitala haikuwamo chumbani mle. Kilichokuwamo ni mamlaka ya kuoza. Lugha yetu imeweka tofauti ya wazi kati ya kuolewa na kuozwa, na nadhani msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapo. Mama mzazi wa binti huyo alikuwa tayari ameondolewa kwa mumewe na kukabidhiwa mzee mwingine, kwa amri ya viongozi. Januari 2004 Jeffs aliwafukuza wanaume wapatao 20 kwa siku moja, na wake zao na watoto wao wakagawiwa kwa wengine. Nyumba nazo zilikuwa mali ya mfuko wa pamoja wa jamii hiyo, hivyo mwanamume aliyefukuzwa alipoteza wake, watoto na paa kwa pamoja. Kwetu mume mkorofi anaweza kushtakiwa kwa wazee, kwa kadhi au mahakamani. Pale wa kumshtakia alikuwa ndiye huyohuyo aliyeoza.

Ndiyo maana Carolyn Jessop, wa jamii hiyohiyo, aliyeozwa akiwa na miaka 18 kwa mwanamume wa miaka 50 mwenye wake watatu, hakuondoka kwa kudai talaka. Aliondoka usiku, Aprili 2003, mume akiwa safarini, akiwa na watoto wanane na dola 20. Kitabu chake, Escape, kinaumiza zaidi pale anapoeleza jinsi alivyowaamsha watoto bila wao kujua wanakokwenda.

Wapo wanaovidharau vitabu hivi kwa kuwa vimeandikwa na waliokimbia, mara nyingi kwa msaada wa waandishi wa habari. Mimi siwezi kuvidharau. Elissa Wall alitoa ushahidi mahakamani kabla ya kuchapisha neno lolote. Hukumu iliyomtia Jeffs hatiani mwaka 2007 kwa ajili ya ndoa hiyo ilitenguliwa mwaka 2010 kwa sababu ya maelekezo waliyopewa wazee wa baraza la mahakama, lakini mwaka 2011 mahakama ya Texas ilimfunga Jeffs maisha kwa makosa dhidi ya wasichana wengine. Hata hivyo nawasihi msiishie hapo. Dorothy Allred Solomon, aliyezaliwa katika familia ya mitala ya watoto 48, anamwandika baba yake, Rulon Allred, tabibu na kiongozi wa kundi jingine la mitala, aliyeuawa mwaka 1977 na wafuasi wa kundi hasimu, kwa uchungu na kwa mapenzi yasiyofichika, na hakuna kurasa zilizonigusa zaidi ya hizo.

Someni pia shajara za wanawake wa mwanzo wa Kimormoni, ambazo mwanahistoria Laurel Thatcher Ulrich amezichambua katika kitabu chake cha mwaka 2017. Mmoja wao ni Patty Sessions, mkunga. Mumewe alikuwa ameleta mke mpya, na msafara ulikuwa ukielekea magharibi kwenye baridi na matope. Kila siku aliandika mistari michache: hali ya hewa, mtoto aliyemzalisha na mama yake ni nani, na mara moja moja, katikati ya hayo, kwamba amelia.