Kabla Hujanunua Betri Mpya: Mhadhara wa Fundi wa Vigari vya Gofu

Asalaam aleikum, na ambao si wa salamu hiyo, hamjambo nyote. Nawashukuru wenyeji walionialika, na zaidi nawashukuru waliokuja na madereva wao. Mwenye kigari akielewa peke yake na dereva asielewe, betri zitakufa tu.

Mimi nilianza hotelini, pwani ya kusini, nikibeba wageni na masanduku yao kwa kigari cha gofu cha umeme kutoka mapokezi hadi vyumba vya ufuoni. Kigari kikizima njiani, dereva ndiye msukumaji. Betri sita za madini ya risasi, kila moja kilo karibu 29, kwenye mchanga, jua la saa saba. Ukisukuma hivyo mara tatu kwa wiki utajifunza ufundi hata kama hukuandikishwa popote.

Siku hizi vigari hivi vimetoka uwanjani vikaingia majumbani. Vinapeleka wazee msikitini, watoto baharini, mitungi ya gesi jikoni. Na vikiharibika, wenyewe hufanya jambo moja: wanapiga simu, anakuja mtu, anafunua kiti, anatazama, anatikisa kichwa, anasema, "Betri zimekwisha, zote." Hajashika mita ya kupima volti. Ametazama tu, kama mganga.

Kuna mzee mmoja aliyeniita kigari chake kikishindwa kupanda mlima mdogo wa getini. Alikuwa amekwisha kununua betri sita mpya. Kigari bado kinakokota. Akaambiwa ni kontrola, kile kifaa kinachogawa umeme unaokwenda kwenye mota, akaagiza kontrola, akangoja wiki nyingi ifike. Bado. Nilipofunua kiti nikamwomba dereva apande ule mlima na kurudi, kisha nikapitisha mkono karibu na waya moja moja bila kushika chuma. Moja ilikuwa ya moto kama pasi. Chini ya nati yake kulikuwa na unga wa kijani. Nikakata umeme, nikafungua, nikapiga msasa, nikafunga. Mzee hakucheka. Alikaa kwenye kigari akahesabu pesa alizotoa, kwa sauti, nami nikajifanya natafuta spana.

Kwa hiyo haya ninayosema leo yote ni ya kupima kwanza. Kununua baadaye.

Tuanze na usalama, maana hapa sina mzaha. Volti 48 hazitakurusha kama umeme wa ukutani wa 240, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Hatari ya betri hizi ni wingi wa umeme unaotoka kwa mpigo. Spana ikigusa vichwa viwili vya betri, vile vyuma vinapofungwa waya, inachomelea papo hapo na kuwa nyekundu mkononi mwako. Pete inaweza kukata kidole. Vua pete, vua saa, funga mpini wa spana kwa utepe wa fundi umeme ubaki mdomo tu. Vaa miwani. Kisha kile kiswichi kilicho chini ya kiti kwenye vigari vingi, chenye upande wa kuendesha na upande wa kuvutwa, kiweke kwenye kuvutwa kabla hujafungua waya wowote. Na betri zikichajiwa hutoa haidrojeni. Ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Anayevuta sigara akae mbali, na kiti kiachwe wazi wakati wa kuchaji, hasa kwenye banda lililofungwa.

Sasa betri. Nitakaa hapa muda mrefu kwa sababu shida nyingi ziko hapa.

Betri zako zimeungwa mfululizo, chanya ya hii kwa hasi ya ile. Mmewaona vijana wanaomwaga zege la slabu? Wamejipanga mstari, karai inapita mkono kwa mkono. Akiwapo mmoja mgonjwa katikati, mstari mzima unakwenda kwa mwendo wake, hata wengine wawe mabaunsa. Ndivyo ilivyo. Kigari cha volti 48 mara nyingi kina betri sita za volti 8. Cha volti 36 kina sita za volti 6. Moja ikiugua, zote zinaonekana wagonjwa. Yule anayetazama bila kupima anakuuzia sita.

Nunua mita. Zile ndogo za dukani zinatosha. Chaji usiku kucha, chomoa, acha kigari kitulie saa kadhaa, kisha pima. Betri ya volti 8 iliyojaa husoma karibu 8.49, na zote sita pamoja zisome kama 50.9. Ukiona jumla ni 48.4, msifurahi kwamba "si ni kigari cha 48?" Hapo umebaki na nusu. Watu wengi wananiambia betri zao ziko sawa kwa sababu mita imeonyesha 48, na mimi huwajibu kwamba tangi la gari likionyesha nusu kila asubuhi baada ya kujazwa, kuna tundu mahali.

Lakini kipimo cha kutulia hakitoshi. Betri mgonjwa akipumzika hudanganya kama mtoto asiyetaka shule, ila kinyume chake: anaonekana mzima. Mpimie kazini. Mwenzako aendeshe kigari kikipanda, au akanyage mafuta taratibu mguu mwingine ukiwa kwenye breki, kwa sekunde chache tu, nawe usome betri moja moja. Wenzake wamekaa kwenye 7.7 na 7.8, mmoja ameshuka mpaka 6. Huyo ndiye. Andika kwa chaki juu yake.

Swali la mama pale: je, nibadilishe huyo mmoja? Kama zote zina mwaka mmoja au miwili, ndiyo, badilisha huyo. Kama zina miaka mitano na mmoja amekufa, wenzake nao wamo safarini. Betri mpya kati ya vikongwe watano itazeeka haraka, na utakuwa umetupa pesa. Hapo ndipo nakubali kununua sita.

Maji. Jamani, maji! Mlinzi anaambiwa "ongeza maji kwenye betri", anachota kisimani. Maji ya visima vyetu huku mengi yana chumvi, mnayajua, hata chai inakataa. Ile chumvi inakula sahani za risasi zilizo ndani ya betri. Tumia maji yaliyokenekwa peke yake, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa. Na mkienda dukani, someni chupa, kwa sababu watu husema "maji ya betri" kwa vitu viwili: maji safi, na asidi. Betri inayotumika inapoteza maji, haipotezi asidi, isipokuwa imemwagika. Nimekuta mtu amejaza asidi mwaka mzima akishangaa betri zinakufa na suruali zinatoboka.

Na ongeza baada ya kuchaji, wala si kabla, maana zikichaji maji hupanda. Ukijaza mpaka juu halafu ukachaji, asidi itafurika na kula chuma cha chini. Kama sahani zimeonekana juu ya maji, hapo ongeza kidogo zifunikwe tu, chaji, kisha umalizie hadi milimita 3 hivi chini ya ule mdomo wa ndani. Kwa joto letu tazama kila mwezi.

Kusafisha: kijiko cha magadi yale yale ya jikoni kwenye maji, vifuniko vikiwa vimefungwa barabara, sugua kwa brashi. Yakitoa povu ujue kulikuwa na asidi. Suuza, kausha, kaza nati, paka grisi juu. Kukaza nako kuna kiasi: nati iliyolegea inachoma kichwa cha betri, iliyokazwa kwa hasira inaking'oa.

Halafu jambo la msimu. Aprili na Mei mvua za masika zikianza, nyumba nyingi za ufuoni hufungwa. Kigari kinaachwa bandani bila chaji, mwenyewe anarudi Agosti. Betri ya risasi ikiachwa tupu inaota fuwele ngumu kwenye sahani, na joto hufanya ijimalize yenyewe haraka zaidi. Aliyebaki nyumbani aachiwe kazi ya kuchaji mara moja kwa mwezi, na kile kiswichi kiwe kwenye kuvutwa. Ni kazi ya dakika mbili na inaokoa mshahara wa miezi.

Na ukirudi ukute zimelala, utachomeka chaja na itakaa kimya. Utasema chaja imekufa. Pengine haijafa. Chaja nyingi za kizamani haziwaki mpaka zihisi volti kutoka kwa betri; betri zikishuka mno, chaja inaona hakuna mtu nyumbani. Dawa yake ni kuichaji kila betri peke yake kwa chaja ndogo yenye mpangilio wa volti zake, saa moja moja, ukiwa umesimama hapo, kisha ujaribu tena ile kubwa. Kabla ya hayo yote tazama fyuzi yake, na tazama plagi: plastiki ikiwa ya kahawia na vyuma vimeungua, umepata mwizi.

Tuje kwenye kigari kisichoondoka kabisa. Hapa sikio linakuja kabla ya mita. Washa ufunguo, weka mbele, kanyaga. Umesikia "tak"? Huyo ni solenoidi, swichi kubwa inayofungua mlango wa umeme kwenda kwenye mota.

Kama umesikia "tak" na hakiendi, inua magurudumu ya nyuma kwa jeki, weka stendi imara na mawe mbele ya magurudumu ya mbele, kisha weka mita kwenye vichwa vikubwa viwili vya solenoidi na umwambie mwenzako akanyage kidogo. Nasema kidogo, mota isiyobeba mzigo ikikanyagiwa mpaka mwisho inaweza kukimbia hadi ikajivunja. Mita ishuke sifuri. Ikibaki na volti nyingi, vyuma vya ndani vimeungua, solenoidi ndiyo ya kubadilisha, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya kontrola. Ikishuka sifuri, nenda mbele: waya za mota, brashi zake (vipande vya kaboni vinavyoingiza umeme ndani ya mota), kontrola, kifaa cha pedali. Kontrola iwe ya mwisho kushukiwa.

Kama hakuna "tak", pima vichwa vidogo viwili wakati pedali imekanyagwa. Katika vigari vingi, ukikuta 48 hapo na solenoidi imenyamaza, koili yake, ule waya uliozungushwa ndani, imekatika. Usipokuta kitu, rudi nyuma hatua kwa hatua: maikroswichi, kile kiswichi kidogo chini ya pedali, swichi ya mbele na nyuma, ufunguo. Ile maikroswichi, wallahi, nimeikuta na sisimizi wamejenga humo. Na panya hupenda maganda ya waya kuliko mkate.

Bwana pale ameniuliza anunue kigari gani. Mimi si muuzaji, ila kwa anayeishi karibu na bahari nitasema hili: fremu ya vigari vya kampuni ya Club Car ni ya aluminiamu, ya vigari vya kampuni ya E-Z-GO ni chuma. Upepo wa kusi ukileta chumvi usiku, chuma huoza, hasa chini ya betri pale asidi ilipodondoka. Mwenye cha chuma si lazima akiuze, ila akioshe chini kwa maji yasiyo na chumvi na apake rangi mapema. Cha mitumba usikinunue kabla hujalala chali ukatazama chini yake.

Breki nitapita haraka. Vigari vingi vina breki nyuma tu, za ngoma, zinazovutwa kwa kebo, na kebo ndiyo inayoshikwa na kutu. Pedali ikirudi polepole au kigari kikivuta upande mmoja, usikiendeshe na watoto mpaka imefunguliwa. Upepo wa matairi uwe karibu psi 20. Tairi laini humaliza chaji na watu husingizia betri.

Vya petroli ni vichache huku. Kikikataa baada ya kukaa miezi, safisha kabureta na umwage petroli ya zamani, kisha tazama mkanda wa stata.

La mwisho, kijana wangu ameuliza kuhusu betri za lithiamu. Ni nyepesi, hazitaki maji, na kwa nyumba inayofungwa miezi mitatu nazipenda. Lakini chaja ya betri za risasi usiichomeke humo kwa kudhani ni ile ile; ibadilishwe nayo. Na waya zako zikiwa na unga wa kijani, lithiamu itapita kwenye unga huo huo.

Haya, kile cheupe hapo nje kimeletwa na jirani yenu, ameambiwa betri zote sita zimekwisha. Mita ni hii. Mama uliyeuliza mwanzo, njoo ushike wewe. Nyekundu kwenye chanya.