Marathoni tatu za Kelvin Kiptum

Hamjambo nyumbani. Salamu kwa wa Eldoret, wa Mombasa, wa Kisumu, na nyinyi wa Nairobi mnaonitazama mkiwa mmekwama kwenye foleni. Mimi niko Grant Park, Chicago. Huo mvumo mnaousikia ni upepo wa ziwani, nivumilieni tu, hapa haupungui.

Hii barabara iliyo nyuma yangu inaitwa Columbus Drive. Siku za kawaida ni magari na watalii wanaopiga picha. Tarehe 8 Oktoba 2023, mkimbiaji wetu Kelvin Kiptum alimalizia hapa marathoni ya Chicago kwa saa mbili na sekunde 35. Rekodi ya dunia ilikuwa ya Eliud Kipchoge, 2:01:09, aliyoiweka Berlin mwaka uliotangulia. Kijana aliikata kwa sekunde 34. Alikuwa na miaka 23.

Februari ikifika, mwezi aliofariki mwaka 2024, picha zake huanza kuzunguka kwenye simu zetu, na chini ya kila picha kuna maneno yale yale: laiti angekimbia marathoni ya Rotterdam, Uholanzi. Kweli, alikuwa ajaribu kushuka chini ya saa mbili huko Aprili 2024. Lakini jamani, mimi hii habari ya Rotterdam imenichosha. Tunamlilia mtu kwa mbio ambayo hakukimbia, na zile alizokimbia wengi wetu hatujaziangalia hata mara moja! Ni marathoni tatu tu. Ukiamua, unazimaliza kwa jioni mbili.

Ya kwanza ni Valencia, Desemba 2022. Hapo ndipo alipoanza marathoni maishani mwake, na alishinda kwa 2:01:53. Hakuna mtu aliyekuwa ameanza kwa muda kama huo. Ya pili ni London, Aprili 2023, mvua inanyesha, barabara zimelowa. Nusu ya kwanza alitumia saa moja, dakika moja na sekunde 40. Ya pili dakika 59 na sekunde 45. Angalieni hapo. Wengi wetu tunajua marathoni ni mtu kuanza vizuri kisha kuvumilia. Huyu aliigeuza. Alikuwa anaanza kazi pale wenzake wanapoomba iishe.

Sasa hii ya hapa Chicago. Mkiitafuta, msiianzie mwisho. Anzieni kilomita ya 30. Alikuwa na Daniel Mateiko, Mkenya mwenzake, wako bega kwa bega. Kilomita tano zilizofuata Kiptum alizikimbia kwa dakika 13 na sekunde 51. Gawanyeni wenyewe: ni dakika mbili na sekunde 46 kwa kila kilomita, na tayari miguu imebeba kilomita 30. Mateiko aliachwa, na hakumaliza mbio. Benson Kipruto, aliyeshika nafasi ya pili, alifika zaidi ya dakika tatu baadaye.

Nilipita njia hiyo kwa miguu, Chinatown, kisha Bronzeville, kisha Michigan Avenue moja kwa moja mpaka huku mjini. Chicago ni tambarare, lakini karibu kabisa na mwisho kuna kilima kidogo pale Roosevelt Road. Mtu wa Elgeyo Marakwet, kaunti ya milima alikotoka Kiptum, angekicheka. Mimi kilinitoa jasho, na nilikuwa natembea. Yeye alikipanda, akakata kona, akawa anawarushia watu mabusu huku anakimbilia utepe.

Wengi mnajua hadithi ya Chepkorio, kijijini kwao Kiptum, kwamba akiwa mtoto alichunga mbuzi na kuwafuata wanariadha pekupeku. Mnajua tulivyoisikia? Aliyeisimulia ni kocha wake, Gervais Hakizimana, Mnyarwanda, aliyekuwa mmoja wa wale waliokuwa wakifuatwa na huyo mtoto njiani. Naye alikuwa mkimbiaji wa kuruka viunzi na maji. Korona ilipofunga mipaka alibaki Kenya, wakafanya mazoezi pamoja, na hapo ndipo marathoni ilipopikwa. Ni yeye aliyesema hadharani kwamba kijana anakimbia mno, zaidi ya kilomita 250 kwa wiki, na kwamba akiendelea hivyo miaka mitano mwili utakataa. Alikuwa na hofu ya mwili. Hakuna aliyewaza gari.

Jumapili, tarehe 11 Februari 2024. Nyumbani ilikuwa kama saa tano usiku, fainali ya AFCON ndiyo inaanza, Ivory Coast na Nigeria. Huku ilikuwa saa nane mchana, na Wamarekani nao wanangoja fainali ya mpira wao jioni. Gari lao lilitoka barabarani Kaptagat, huko nyumbani Kenya. Kiptum na Hakizimana walifariki pale pale, na abiria mmoja akanusurika. Rekodi ya Chicago ilikuwa imeidhinishwa rasmi siku tano tu kabla.

Kwa hiyo mkiandika jina la Kiptum, andikeni na la Hakizimana. Naona tunamsahau kwa sababu hakuwa wetu, na hiyo si haki. Mtu aliacha kwao, akaja kutufundishia mtoto.

Jambo jingine, halafu niwaachie, maana betri inalia. Hii Columbus Drive si mara ya kwanza kumpa ushindi kijana wetu ambaye hakufika miaka 25. Samuel Wanjiru alishinda Chicago 2009, akashinda tena 2010. Huyu ndiye Mkenya wa kwanza kuleta dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, Beijing 2008, katika joto ambalo kila mtu alidhani mbio itakuwa ya polepole. Aliweka rekodi ya Olimpiki, 2:06:32. Alikwenda Japani kusoma akiwa na miaka 15, akarudi bingwa. Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu. Alikuwa na miaka 24. Kiptum pia alikuwa na 24.

Siwafananishi. Kiptum alikimbia kama mtu aliyepiga hesabu zake nyumbani. Wanjiru alikuwa mtu wa vita, na ile ya 2010 na Muethiopia Tsegaye Kebede, wakipitana na kupitana tena maili ya mwisho, hapo kwenye hicho kilima nilichowaambia... Hapana, hiyo nikiianza hatutalala. Itafuteni muiangalie kwanza. Video ijayo tutaichambua hatua kwa hatua, nikiwa nimesimama Roosevelt Road, na nitakuja na kofia.