Kitufe cha Nguvu Hakiilindi Gridi

Nianze na kitufe cha nguvu cha transiva (redio ya kurusha na kupokea), maana kila nikiwaambia wajenzi wa amplifaya za vali kwamba transiva inaweza kuisukuma vali kupita kiasi, najibiwa vilevile: "Nimekirudisha hadi wati 25, sina wasiwasi." Kuwa nao! Kitufe kile hufanya kazi kupitia ALC, saketi inayodhibiti nguvu ya kutoka, na ALC husubiri nguvu izidi ndipo iikamate. Katika transiva nyingi, silabi ya kwanza hupenya na wati 100 nzima kwa milisekunde chache.

Pigeni hesabu. Vali ni 4CX250B, daraja AB1, yaani gridi (elektrodi ya vali inayopokea mawimbi ya transiva) haitakiwi kufika upande wa chanya wala kupitisha mkondo; gridi iko volti 55 hasi, nguvu inaingilia kwenye rezista ya ohmu 50. Kilele cha volti 55 hapo ni wati 30. Wati 100 zina kilele cha volti 100, kwa hiyo gridi inasukumwa volti 45 upande wa chanya. Mkondo wa gridi unaanza, na jirani yako kwenye bendi anasikia mikwaruzo.

Weka kipunguzi (rezista zinazokula sehemu ya nguvu) cha desibeli 6 kabla ya gridi. Wati 100 zinatoka 25, kilele volti 50, hata ukipiga kelele vipi. Umbo la pai: ohmu 150 kwenda ardhini, 37 katikati, 150 tena.

"Natupa wati 75 ziwe joto?" Zitupe. Ulizitakia nini? Tena, hata gridi ikikatika, SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa; 1 ndiyo bora) inayoonwa na transiva haitazidi 1.7.

Joto lenyewe haligawanyiki sawa, na hapa ndipo watu huunguza: upande wa kuingilia wati 33, katikati 33, kutokea 8 tu. Chukua rezista za oksidi ya metali za wati 3, uziunge sambamba: 22 za ohmu 3,300, kisha 22 za ohmu 820, kisha 5 za ohmu 750. Za waya achana nazo. Hizo ni koili zilizojipa jina.

Relei ya kubadilisha kati ya kupokea na kurusha, haraka: kipunguzi kikae ndani ya amplifaya, baada ya relei, la sivyo kila stesheni unayopokea itashuka S moja (alama moja ya mita ya ishara, desibeli 6).

Kabla ya kuwasha, funga ohmu 50 upande wa kutokea, pima wa kuingilia. Inatakiwa 50. Ikisoma 75, kundi la kuingilia halijaungwa. Ikisoma 55, ni la kutokea.