Kiasi bila Asili: Mhadhara kwa Wazazi na Walimu, Mafinga

Kamwene! Haya, mnaitikia kama watu waliopitia kwenye ulanzi kwanza. Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, poleni na kazi. Mwenyekiti amenipa dakika 20, na anayenijua anajua nitazidisha.

Nimefundisha hisabati miaka 31, kwa hiyo naanza na swali la shule ya msingi. Sehemu ina namba mbili. Ya juu inaitwaje? Kiasi. Ya chini? Asili. Eheee! Sasa ile karatasi ya matokeo ya kidato cha nne iliyobandikwa mlangoni nimeisoma kwa miwani na bila miwani. Divisheni wani wangapi, ziro wangapi, ufaulu asilimia kadhaa. Kiasi nimekiona. Asili sijaiona.

Na msiniambie asili ni waliofanya mtihani. Tuseme mwaka 2021 waliingia kidato cha kwanza watoto 100. Novemba 2024 wakakaa kwenye mtihani 60, wakafaulu 48. Karatasi itaandika asilimia 80 na sisi tutapiga makofi. Mimi nasoma 48. Tena hao 48 wamefaulu kwa lipi? Mtoto mwenye D mbili na F tano ana pointi 33. Hiyo ni divisheni foo, amehesabiwa kafaulu, ila kidato cha tano atakisikia tu, maana kule wanataka C tatu. Lakini tumwache huyo, angalau jina lake liko ukutani. Wale 40 wako wapi?

Waliokwisha kunisikia kwenye hili wanivumilie. Nilikuwa mwalimu wa darasa, kidato cha kwanza, shule moja ya kata hukuhuku Mufindi. Benchi la tatu, upande wa dirisha, alikaa binti mfupi, sweta limetoboka viwiko, lakini mpe sehemu ajumlishe: hujageuka kutoka ubaoni, yeye kamaliza. Baada ya Pasaka hakuonekana. Naita jina, kimya. Wiki ya kwanza nikaandika hayupo, ya pili hayupo, mwisho nikaandika lile neno letu la herufi tano: mtoro. Nikafunga rejesta, nikaenda kunywa chai.

Mwezi wa saba, kwenye baridi yetu hii, nilipita kijijini kwao natafuta mbegu za viazi. Viazi, si mwanafunzi, nisijisifu. Nikamkuta bibi yake anaota moto. Mjukuu yuko wapi, mama? "Si alichukuliwa na yule mama wa Dar, mwalimu. Alisema atamsomesha." Mama gani? Jina halijui. Dar sehemu gani? Dar. Namba ya simu ilikuwa imeandikwa kwa mkaa mlangoni, mvua imekwisha kula tarakimu za mwisho.

Mtoro ni mtu aliyekimbia. Yule alibebwa kwenye basi akaoshe vyombo vya watu, na mimi nikamwandika kama mhalifu kwa kalamu nyekundu.

Darasa lile lilipofika kidato cha nne, hisabati ikapanda! Nikaitwa mbele ya wazazi, nikapewa beseni na sukari kilo mbili. Nimekaa na beseni mapajani, nahesabu: binti wa Dar, vijana wawili waliokwenda kupasua mbao Sao Hill, mmoja machimbo ya Chunya, mwingine nyumbani na mtoto mgongoni. Ukimtoa yule binti, karibu wote walikuwa wale ambao wangenivuta chini. Walipoondoka, nikapanda. Nilipewa beseni kwa kupoteza watoto. Sukari tuliinywa, sitawadanganya.

Namwona baba mmoja kule nyuma anatikisa kichwa: mwalimu anatetea uzembe, mbona zamani tulifaulu? Zamani, baba, kijijini kwenu mlichaguliwa wangapi? Mmoja? Wenzako walikuwa wapi? Walikuwa wanachuma chai. Zilipokuja shule za kata, na ile ada ya kutwa ya shilingi 20,000 ilipofutwa mwaka 2016, waliokuwa wanaishia getini wakaingia darasani. Ni jambo jema, lakini asili imekua, na huwezi kuendelea kusoma kiasi kilekile ukasema watoto wa siku hizi hawana akili. Na msinilinganishie na Ilboru au Mzumbe. Wale wanaletewa waliochaguliwa nchi nzima. Aliyepewa mchele uliochambuliwa asimcheke anayechagua mawe. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, nikashangilia. Muda si muda simu yangu ikaingia orodha ya mtu aliyejitengenezea mwenyewe!

Asili ina maana ya pili, mnaijua: mtoto ametoka kwa nani. Utafiti wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, wakati nchi nzima ni 4.4. Kabla dawa hazijatufikia tulizika vijana, ndiyo maana leo kwenye fomu, pale palipoandikwa mzazi, anasaini bibi. Kuna wanaopanga geto kwa sababu nyumbani ni mbali, umri miaka 15, anajipikia, anajilinda. Huyu ukimwona anasinzia kwenye kipindi cha kwanza, usimchape kabla hujauliza amelala wapi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Lugha nilitaka kuisema, miaka saba Kiswahili, halafu Januari moja baiolojia kwa Kiingereza, na nyumbani ni Kihehe. Hiyo mniite siku nyingine. Chakula cha mchana: leteni mahindi, basi. Waraka namba 2 wa mwaka 2021 unamruhusu binti aliyejifungua kurudi darasani. Hapa wamerudi wangapi?

Mkuu wa shule, usijibu kwa kichwa. Wewe nilikufundisha mwenyewe, najua hesabu za kichwa hukuziweza. Rejesta ya kidato cha kwanza ya 2021 iko kwenye kabati la ofisi. Ufunguo unao? Kailete. Tunasubiri.